Meza Iliyovaa Nailoni

Meza ya jiko la uani ilikufa Jumapili, sufuria ya maharage ikiwa mgongoni. Mguu mmoja ulijikunja, wenzake wakaona aibu kubaki wima. Ilikuwa meza ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ya kununuliwa ndani ya boksi. Iliyoitangulia ilikufa vivyo hivyo, na iliyoitangulia hiyo pia. Slaviša alichukua funguo za gari aende mjini kuleta nyingine.

"Rudisha funguo," alisema mkewe, Jasna, huku akizoa maharage sakafuni. "Humu haiingii tena meza ya boksi. Hata kuni haifai, inanuka."

Mama mkwe wake, Desanka, alimuunga mkono kwa moyo wote. Siku hizi watu wananunua takataka, alisema. Meza ni ile yao ya mbao za mjozi, aliyoitengeneza marehemu mumewe kwa mkono wake, haina msumari hata mmoja, ni kabari tupu. Ile itawazika wote.

"Basi tuwe tunakula pale, mama."

Desanka alimtazama kama mtu aliyeombwa jino. Meza ile ilikuwa ya Nenad, mwanawe mkubwa aliyeko Vienna, ambaye amekuwa akisema atarudi mwakani tangu alipokuwa na nywele. Ilimngojea katika chumba cha heshima, imefungwa nailoni, pamoja na viti visivyojua tako la mtu. Hata kwenye sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, ndugu wanapojaa chumba kizima, nailoni haikutoka. Kitambaa kilitandikwa juu yake, na sahani ziliteleza kama ziko kwenye barafu.

Jasna aliuliza kama Nenad mwenyewe anajua habari za meza hiyo. Akajibiwa kwamba atajua akija.

Basi ikawa hakuna anayenunua na hakuna anayefungua. Walikula sahani zikiwa mapajani. Slaviša, aliyekaa katikati ya mke na mama, aliona usalama wake uko katika kutafuna. Desanka alijimwagia supu kwenye aproni, akasema hivi ndivyo inavyonoga. Jasna alicheka, lakini moyoni alijua nani atachoka kwanza. Kizee kile kingeweza kula mapajani hadi kiama. Yeye ndiye angekubali, Slaviša angekwenda mjini, na meza nyingine ingekuja kufia mikononi mwake.

Sikukuu ilipokaribia, Padri Vitomir alipita kubariki maji, kama anavyopita kila nyumba. Alisali katika chumba cha heshima, akachovya kishada cha mrehani, akanyunyizia picha ya mtakatifu, akawanyunyizia wao, akanyunyizia meza. Matone yalibiringika juu ya nailoni kama njegere, yakadondoka sakafuni. Padri akayasindikiza kwa macho.

"Hivi Desanka," alisema, "miaka yote hii mimi huwa nabariki nailoni?"

Slaviša alikohoa ili asicheke. Jasna hakucheka, alikuwa anamtazama mama mkwe. Desanka alisimama akiangalia madimbwi madogo sakafuni.

"Hata marehemu hakuwahi kuweka kiwiko hapo," alisema taratibu. Kisha akamwambia Jasna alete mkasi.

Chini ya nailoni meza ilikuwa mpya, ila ilinuka kama ghala la viazi, na pembeni ukungu ulikuwa umechora ramani ya kijivu. Padri alinyunyiza tena. Safari hii mbao zilikunywa.

Slaviša aligonga kabari zikatoka, akavusha meza uani vipande vipande, akazigonga tena zikarudi. Nenad alipopigiwa simu kuombwa ruhusa, aliuliza, meza gani?

"Ya maharage," alisema mama yake, akakata.

Mchana huo Jasna alikuwa bado anatafuta kitu cha kutandika aliposikia Desanka akitua sufuria ya moto juu ya mbao tupu. Ilipoinuliwa iliacha duara jeupe. Desanka aliligusa kwa kidole.

Siku iliyofuata aliitua sufuria palepale juu ya duara lile, akaizungushazungusha mpaka ikakaa sawasawa. Alama ipo tayari, alisema, ya nini kutia nyingine.