Kisanduku cha Tano

Saa nne asubuhi nukta ilijitokeza kwenye skrini ya rada, ikasimama tuli juu ya milima kwa dakika sita, kisha ikachomoka kwa kasi isiyo ya ndege yoyote na kutoweka. Koplo aliiona kwa macho yake mawili, chai ikimpolea mkononi.

Sasa alibaki na fomu. Fomu ya kituo ina visanduku vinne tu: ndege, puto, mawingu, hitilafu ya mtambo. Cha "sijui" hakipo. Jeshi halina desturi ya kutojua. Kwa hiyo mlinzi wa skrini akikwama, hutia alama kwenye hitilafu na kwenda zake kula. Koplo mwenyewe alishafanya hivyo mara mbili mwaka huu, bila hata kupepesa jicho.

Ila kila hitilafu huandikwa kwa jina la fundi, na ya tatu humfukuzisha kazi.

Fundi alitoka chini ya mtambo akipangusa mikono, miwani imemteleza hadi ncha ya pua. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

"Sijaona ubovu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini weka hitilafu tu. Usijitie matatani kwa ajili yangu."

"Koplo, fomu!" Meja alifoka mlangoni. "Makao makuu wameniganda kama kupe!"

Roho ilimuuma Koplo. Akachora kisanduku cha tano kwa kalamu, akaandika: Haijulikani.

Meja aliisoma mara mbili. "Unajua anayeandika hivi hupelekwa wapi? Kwa daktari wa macho, halafu wa akili. Kiti hicho cha rada hutakikalia tena, utakisikia redioni tu."

"Nitaenda, afande. Na zile hitilafu mbili za mwanzoni mwa mwaka ni uongo wangu. Niliona nukta kama hii, nikaogopa kuchekwa. Mtambo haukuwa na kasoro."

Meja alishusha pumzi, akagonga muhuri, akaondoka na fomu.

Koplo akamgeukia Fundi, akitarajia shukrani. Mzee alikuwa ameketi juu ya sanduku lake la spana, miwani mkononi, machozi yakimtoka waziwazi.

"Miezi minane," alisema, "nafungua na kufunga, nafungua na kufunga, natafuta ubovu. Nikamwambia mama watoto macho yangu yamekwisha, hata mikono hainitii tena. Nilijiona sifai, mwanangu."

Koplo alikosa pa kuweka uso.