Mpaka wa Kashaija

Anatolia hakwenda msituni kutembea. Watembeaji walikuwapo, walimu wa misheni na wake zao, wakipita taratibu kwenye njia iliyofyekwa na kusifia ndege. Yeye alikwenda kwa sababu mama yake, Kokwijuka, alikuwa kitandani kule Kihanga, hali wala hanywi, na neno lililobaki kinywani mwake lilikuwa moja: nizikeni ubavuni kwa mume wangu. Na huyo mume, Rwegoshora, alikuwa amelala ndani ya msitu ule wa serikali nyuma ya Kaisho, mahali palipokuwa kibanja chao, shamba lao la migomba, kabla serikali haijapajua.

Mlinzi wa msitu aliitwa Novatus, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kofia ya kazi na maneno mengi. Alimwamkia shikamoo, akamwambia karibu mama, msitu huu ni wa watu wote. Anatolia akaitikia, akaeleza shida yake. Novatus alivua kofia. Alimwonea huruma kweli, lakini akasema kuzuru kaburi ruksa, kuzika hapana. Ndani ya msitu hakuchimbwi kitu.

"Wa watu wote," alisema Anatolia.

"Wote, mama."

"Isipokuwa aliyelala humo na mkewe."

Novatus aliona heri ampeleke kaburini. Ndivyo walivyo watu waliozoea kutembeza wageni. Hata msiba wataupitisha njia ileile ya ndege.

Kaburi lilikuwapo. Migomba ilikuwa imezidiwa na mwitu, mafiga yamefunikwa na majani, lakini mawe ya kaburi yalikaa vilevile. Hatua chache mbele ilisimama safu ya miramula, miti ile myembamba ambayo kila mtu wa huku huipanda kutenga kibanja chake na cha jirani. Ng'ambo ya safu hiyo msitu ulikoma ghafla. Kulikuwa na jua, migomba minene, na kahawa nyekundu iliyoinamisha matawi. Anatolia alikijua kibanja kile. Kilikuwa cha Kashaija, mdogo wake baba.

"Hapa wageni hupapenda sana," Novatus alianza, sauti yake ikarudi kwenye mazoea. "Siku ya kupima mpaka mimi nilibeba vigingi. Bwana Misitu alitaka kuunyoosha, akate kipande hapa na kipande kwa jirani. Basi mzee mmoja akasema, ya nini kuharibu vibanja viwili? Chukueni hiki chote, mwenyewe amekufa na hakuacha mtu. Akatangulia na panga, sisi tukamfuata na kamba mpaka kwenye miramula hii. Mzee mwelewa kweli. Bila yeye tungelala huku."

"Mzee gani?"

"Kashaija. Yupo hapo ng'ambo, namsifu kwa kila mgeni."

Damu ilimpanda Anatolia mpaka masikioni. Hakuacha mtu! Mwaka ule baba alipokufa, yeye mwenyewe ndiye aliyemchukua mama akamwuguze huzuni Kihanga. Waliporudi walikuta vigingi, na Kashaija akawapokea kwa machozi, akiapa kwamba aliwapigania hadi akatishiwa jela. Nao wakamwamini, wajinga wale. Kila Krismasi walimtwisha mtu kibuyu cha rubisi, pombe nzuri ya ndizi, kumshukuru baba mdogo aliyetaka kufungwa kwa ajili yao. Mama alimwombea kila usiku, kwa jina, kabla ya watoto wake mwenyewe.

Anatolia aliushika mramula mmoja, akavunja tawi.

"Mama, kuvunja tawi hairuhusiwi."

"Mti huu aliupanda baba yangu, huyo asiyeacha mtu. Nenda kanishitaki kwa mzee wako mwelewa."

Novatus alimtazama, akalitazama kaburi, akaelewa alichokuwa akisimulia miaka yote ile. Alivaa kofia yake na kugeukia upande mwingine. Anatolia akavuka mpaka, tawi mkononi.

Kashaija alikuwa uani akigeuzageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka mbele ya mlango. Alipomwona alitabasamu, akangoja shikamoo yake. Haikuja.

"Mama anakufa," alisema Anatolia. "Anataka kuzikwa kwa mumewe."

"Ole wangu, shemeji yangu." Mzee alipeleka kiganja machoni, kama siku ile ya vigingi. "Ningemzika kule mimi mwenyewe, mwanangu. Lakini watu wa serikali hawana moyo. Nilipigana nao, unajua nilivyopigana."

"Mlinzi amenisimulia historia ya msitu. Amenionyesha ulikopita na panga."

Kashaija alikishusha kiganja kutoka machoni.

Anatolia alisukuma mkeka kwa mguu, akalichomeka tawi la mramula ardhini, pale pale mbele ya mlango, akalikandamizia udongo kwa kisigino. "Atazikwa hapa, ng'ambo tu ya miramula kutoka kwa mumewe."

"Hapa ni kwangu."

"Ndiyo maana. Kaburi lake likiwa hapa, mimi na wanangu tutakuwa na njia ya kuingia kwako siku zote. Tutakuja kulipalilia, na hakuna atakayeuza ardhi hii bila kutuuliza. Uliwaambia Rwegoshora hakuacha mtu. Mtu ni mimi, na ukikataa, mlinzi atausimulia ukoo mzima habari ya panga lako. Kaburi utachimba wewe, kwa jembe lako, na ukimaliza utalia. Kulia unajua."

Kashaija alilitazama lile tawi. Alijua mramula hushika mizizi popote unapochomekwa, na ukishika huwa mpaka. Yeye na kaka yake waliipanda pamoja ile ya mpakani. Aliangalia huku na huku kama anayetafuta shahidi, na uani hapakuwa na mtu. Mwishowe alipiga magoti na kuanza kuzoa kahawa yake kutoka mahali pale, huku Anatolia amesimama, akimngoja amalize.