Fundi Aliyefuata Kimya Mlimani

Mvumo ule ulianza kidogo kidogo. Fundi redio aliusikia jioni moja akiwa mezani, mwembamba na mrefu kama uzi, na kwa kuwa kazi yake ni kusaka kelele ndani ya vyombo, wala hakushtuka. Akachukua bisibisi. Alifungua redio ya sebuleni, akafungua feni, kisha akaizima friji ya mkewe na kuitoa matumbo yote. Maziwa yakachacha, mvumo ukabaki. Akamshuku jirani wa juu. Akaishuku transfoma ya mtaa, na siku moja alikutwa ameegemeza sikio kwenye nguzo ya umeme, watu wakipita na kutikisa vichwa.

"Mume wangu, nenda wakakutazame masikio," mkewe alimwambia.

"Masikio yangu ndiyo yanayotulisha," alijibu kwa ukali. "Kinachoumwa ni mji huu. Haulali."

Hapo ndipo palipomwasha. Mafundi wengine hutumia vipimo. Yeye huinamia spika, anafumba macho, anakutajia kilichoharibika kabla ya kugusa hata skrubu moja. Wateja humfuata kwa hilo tu. Masikio yakienda, karakana nayo kwaheri.

Basi Jumapili alitia mkate na chupa ya maji kwenye mkoba akapanda mlima, peke yake. Nyuma ya vilele, watu walimwambia, kuna bonde lililozingirwa pande zote, ambako hakuna nyaya, hakuna mtandao, hakuna mtu. Mvumo ukikatika kule, basi lawama ni za mji. Na usipokatika? Swali hilo alilisukuma pembeni kila lilipomjia.

Mlima ulimtoa jasho. Mtu anayeshinda kwenye stuli ana miguu ya mapambo tu, na alipumzika kila kona akijisingizia kutazama mandhari. Lakini moyoni alikuwa na furaha. Kijito kilinguruma kando ya njia na mvumo ukamezwa. Juu mgongoni mwa mlima upepo ukavuma, akajisemea kwamba ameshapona. Aliteremkia bondeni akipiga mluzi.

Chini hakukuwa na upepo. Majani yalisimama wima, mawe yamejilaza juani, na ukuta wa mlima umeziba kila upande. Fundi alikaa, akazuia pumzi.

Mvumo ulikuwepo.

Akazima simu. Akavua saa, akaipeleka mbali, akaifunika kwa mkoba. Akahamia jiwe jingine kama mtu anayetafuta mawimbi ya redio. Mwishowe akaziba masikio kwa viganja, na mvumo ukazidi. Hapo alijua.

Akashusha viganja. Ndege mdogo akatua karibu yake, karibu kiasi cha kushikika. Ndege akafungua mdomo, koo likatetemeka, kifua kikapanda na kushuka. Alikuwa anaimba, tena kwa nguvu zake zote. Fundi alisogeza kichwa, akageuza sikio hili, akageuza lile. Hakusikia kitu. Ndege aliimba mpaka akatosheka, akaruka zake.

Njia nzima ya kurudi fundi alitunga uongo, na ulikuwa uongo mzuri. Alifika nyumbani giza linaingia, akamkuta mkewe anakatakata vitunguu.

"Enhe, kulikuwaje huko?"

Uongo ukamshinda. "Ni mimi," alisema. "Mvumo ni wangu. Na kuna ndege ameniimbia hapa, hapa usoni, sikumsikia. Naogopa, mke wangu."

Mkewe aliweka kisu chini. Fundi alisubiri kuambiwa, "Si nilikuambia?"

"Najua," mkewe alisema. "Mwaka mzima naongea na wewe kwa kupayuka. Watoto nao nimewaambia wapayuke. Hapa mtaani wanadhani ndoa yetu imeshakufa."

Fundi alicheka mpaka akatoka machozi, na kicheko kilipoisha machozi yaliendelea. Mwaka mzima alizisikia zile kelele za mkewe na kuzinyamazia; alikuwa amezipa maana yake mwenyewe, akaimeza, akawa analala ameelekea ukutani.

"Mimi nilidhani umenichoka," alisema.

"Ningekuchoka," mkewe alijibu kwa sauti ya kufika barabarani, "ningekuwa nanong'ona."