Kichujio cha Mama Mawimbi

Kituo kipya cha utangazaji kilisimamisha mnara wake nyuma ya nyumba ya Mama Mawimbi, na tangu Ijumaa asubuhi redio yake ya mawasiliano ikawa haina kazi. Kila alikozungusha kitufe, muziki wa dansi ulimfuata kama deni la nguo.

Alikuwa fundi simu mstaafu, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu binafsi kuongea kwa mawimbi, na kila Jumamosi saa kumi alasiri aliongea na kaka yake, mpima hali ya hewa kwenye kituo cha mlimani ambako simu hazishiki. Safari hii palikuwa na jambo. Wifi yake, mke wa kaka huyo, alikuwa amejifungua Jumatano, na baba mtu hana habari.

Fundi redio wa mtaani alishauri wafunge kikuza mawimbi kwenye antena. Mama Mawimbi alitikisa kichwa.

"Ukikuza sauti ya kaka, unakuza na muziki. Redio inalemewa kabla haijaanza kuchagua. Basi tuichagulie sisi, mapema."

Jumamosi asubuhi akaketi mezani. Akazungusha waya wa shaba kwenye kipande cha bomba la plastiki, mizunguko kumi na minane, akauunganisha na kapasita ya kuzungusha, kifaa cha kuchagulia masafa, aliyoing'oa kwenye redio mbovu. Vyote akavitia kwenye kisanduku, kichujio chake, akakiweka kati ya antena na redio, kiruhusu masafa ya kaka na kuyazuia mengine. Akaongeza swichi ya kukiruka wakati wa kusema, maana nguvu za kurushia zingekiunguza. Fundi akaguna kwamba ni kazi bure. Mama Mawimbi akaendelea kukaza waya. Mkono wake ulikuwa na jibu.

Saa kumi wifi akafika na kichanga kifuani. Mama Mawimbi akazungusha kapasita taratibu, unywele kwa unywele. Muziki ukafifia, ukanywea, na pale ulipokuwa ikatokea sauti nyembamba ya mwanamume akiita kwa mara ya tatu, bila haraka.

Mama Mawimbi akageuza swichi, akampa wifi kipaza sauti.

"Mume wangu," wifi akasema, "ni wa kike."

Mama Mawimbi akairudisha swichi. Kisha kaka akauliza amefanana na nani.

"Na mama yake," Mama Mawimbi akadakia. "Mungu kamwepusha."

Kicheko cha kaka kikafika chote, hakuna hata chembe iliyopotea. Fundi redio, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, aliomba aonyeshwe ile mizunguko ya waya.