Jina Kwenye Boksi

Watu wa mtaa ule walikuwa na utani wao juu ya wale wawili. Mume anauza moshi, mke anauza meno, kwa hiyo mteja akishaingia nyumba ile hatoki. Mume alikuwa na duka la sigara za umeme, lile lenye kioo kipana karibu na benki, na kila mtu alimwita Moshi, hata mama mkwe wake. Mke alikuwa fundi wa meno bandia. Alifanya kazi kwenye kliniki ya daktari mmoja, ghorofa ya pili, chumba cha nyuma chenye sinki moja na vumbi jeupe la plasta mpaka kwenye swichi ya taa. Wagonjwa hawakumfahamu. Waliyaona meno yakiletwa kwenye trei, wakamshukuru daktari.

Hilo halikumsumbua. Alichopenda ni kwamba kila alichokichonga kilikuwa cha kinywa kimoja tu duniani. Ukikosea kidogo, mwenye kinywa anakuja na kidonda cha fizi na maneno makali. Ukipatia, haji tena, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake.

Moshi naye alikuwa na ndoto yake. Kwenye kioo cha duka alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba bidhaa zote zimebuniwa hapo hapo. Mkewe alimtania sana kwa maneno yale, maana alikuwa akimwona akifungua makatoni yaliyotoka mbali.

"Wenzangu wote wameandika hivyo," Moshi alijitetea. "Nikikaa kimya nitaonekana mimi ndiye sina akili. Lakini iko siku, mke wangu. Kitu chetu wenyewe."

Mimba yao ya kwanza ilifika mwezi wa nane, ikaishia hapo. Alikuwa mtoto wa kike. Jina lake walikuwa wamelipata alasiri moja wakikunja nguo zilizokaushwa, na walikubaliana wasimwambie mtu mpaka azaliwe. Alipozaliwa hakulia, na hapakuwa na sababu tena ya kumwambia mtu. Moshi na baba mkwe wake walimzika. Mke alirudi nyumbani, na siku chache baadaye maziwa yakaja, yakamlowesha gauni, kama vile mwili haukupelekewa habari.

Tangu hapo hakuinuka. Mama yake alikuja akakaa, akapika, akasafisha, akarudi kwake akiwa amechoka kusema na ukuta. Daktari wa kliniki alituma salamu, kisha akatafuta fundi wa muda. Moshi alikuwa akifunga duka mapema, anakaa pembeni ya kitanda, anasimulia vituko vya wateja. Wakati mwingine mke aliitikia, "Mm." Siku nyingine hata hiyo haikutoka.

Mchana mmoja Moshi alikuja na mfuko kutoka kliniki. Ndani mlikuwa na bonge la nta nyekundu na kile kisu chake cha kuchongea.

"Nichongee kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Wateja wananilalamikia. Midomo ya hivi vifaa inagonga meno, mingine inakata midomo. Wewe unavijua vinywa. Nichongee cha kwetu, nikipeleke kiwandani."

Mke aligeukia ukutani. Nta ilibaki juu ya shuka. Kesho yake, kwa kuwa ilikuwepo tu, aliishika, ikaanza kulainika kwa joto la kiganja. Akaibonyeza. Jioni Moshi alikuta chembe nyekundu za nta kwenye blanketi.

Kile kitu kilichukua wiki kadhaa. Kilikuwa na umbo la yai lililobonyea upande mmoja, likatulia kwenye mkono kana kwamba limeota hapo. Mdomo wa kuvutia ulikuwa mfupi, bapa, umeinama kidogo upande, ili mdomo wa mtu uulalie na meno yasiuguse. Aliufuta akaurudia. Kwa kuwa nta ilihitaji mwanga mzuri, alihamia kwenye kiti cha dirishani. Kwa kuwa kisu kilihitaji kupashwa moto, alianza kwenda jikoni. Siku moja Moshi alimkuta ameoga bila kuambiwa, ikabidi atoke nje asimame kidogo barazani.

Maonyesho ya biashara yalipofika, Moshi alikiweka kile kitu kwenye kikopo, akakizungushia pamba, akasafiri. Aliporudi, mkewe alikuwa dirishani akimsubiri, amevaa gauni la mchana, amechana nywele.

"Wamesemaje?"

Moshi alimtazama muda mrefu, begi bado begani.

"Wamekubali," alisema. "Wamesema hawajawahi kuona mdomo kama ule."

Mke alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani, lakini kilikuwa cha kwanza.

"Na mfano wangu?"

"Wamebaki nao. Wanauhitaji."

Wiki iliyofuata alirudi kazini. Siku moja, wakiosha vyombo, Moshi alimwambia kiwanda kinataka jina la kuandika kwenye boksi. Mke alikuwa akisuuza vikombe. Alilitaja jina lile bila kugeuka, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Alipogeuka alimkuta mumewe amejifunika uso kwa taulo la vyombo.

"Umelikataa?"

"Hapana," alisema ndani ya taulo. "Ni zuri. Ni zuri mno."

Mzigo ulipofika, waliufungua pamoja. Boksi jeupe, dogo, na jina lile juu yake kwa herufi za rangi ya shaba. Mke alipitisha kidole juu ya herufi moja moja. Kifaa chenyewe kilikuwa bapa kuliko alivyokichonga, na mdomo wake haukuinama sana. Moshi alisema ni mambo ya betri. Mke alikubali; hata kwenye meno, unachokichonga kwa nta sicho hasa kinachotoka kwenye tanuri.

Kilichomshangaza ni sauti. Watu walianza kuliita lile jina. Msichana wa benki aliingia akasema, "Nipe hiyo, ya bluu," akalitaja. Dereva mmoja alilitaja vibaya, akarekebishwa na mwenzake. Baada ya kazi mke alipitia dukani, akakaa kwenye stuli nyuma ya kaunta, anajifanya anapanga chupa za ladha, kumbe anasikiliza. Jina ambalo hakuna aliyewahi kumwitia mwanawe lilikuwa sasa linatoka vinywani mwa watu wazima, wenye afya, wanaocheka. Hakumwambia mumewe kwamba ndiyo maana anakuja. Moshi alidhani anaona fahari ya kazi yake, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Hali ilikuwa hivyo mpaka siku alipokuja wakala.

Moshi alikuwa ameenda kutoa mzigo forodhani, na mkewe, aliyekuwa na siku ya mapumziko, ndiye aliyekaa dukani. Wakala alikuwa mtu mchangamfu mwenye sanduku la magurudumu. Alisalimia, akaomba maji, akajitambulisha kwamba anatoka kiwandani na anapitia wateja wao wote wa ukanda ule. Akaona boksi jeupe kwenye rafu.

"Hiki kinakwenda vizuri kwenu, naona."

"Kinakwenda," alisema mke. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kiwandani na angeelewa, akaongeza, "Nilikichonga mimi."

Wakala alicheka kwa upole, kama mtu aliyetaniwa na shemeji.

"Hiyo waambie wateja, dada. Mimi ni wa nyumbani."

Akafungua sanduku. Ndani, kwenye sifongo jeusi, vilikuwa vimejipanga: kifaa kile kile cha waridi chenye jina jingine, kile kile cha kijani chenye jina jingine, cha fedha, cha zambarau. Umbo moja. Mdomo mmoja, umeinama vile vile kidogo.

"Hiki ni cha duka la kule bandarini," wakala alieleza, akigusa kimoja kimoja. "Hiki wanasema alikiota mwenye duka. Hiki eti kilibuniwa na binti yake. Kila duka lina hadithi yake, dada, na sisi hatuziharibu. Lakini kubuni ni mainjinia, ni kalibu za chuma, ni majaribio ya betri isije ikalipuka mfukoni mwa mtu. Muuzaji gani wa rejareja ataweza? Wengi wao wanachagua rangi, wanachagua ladha, wanatupa jina, tunabandika. Wala si dhambi. Ndivyo biashara ilivyo."

Mke alikuwa ameshika ukingo wa kaunta.

"Mwenye duka hili hakuwaletea mfano? Wa nta nyekundu?"

Wakala alifikiri. Uso wake ukafunguka.

"Yule wa kikopo? Kumbe ndiye huyu? Namkumbuka sana. Alipita meza kwa meza kwenye maonyesho yale. Mwanzo aliomba watu wamtengenezee, wakamwambia haiwezekani. Kisha akawa anauliza tu, mna kinachofanana na hiki? Wenzangu wakamcheka. Mimi nikamtolea hiki. Akakilinganisha, akakigeuza, akakilinganisha tena. Akasema, basi, kitamtosha." Wakala akafunga sanduku. "Kitamtosha nani, sikumwuliza."

Moshi aliporudi na katoni begani, wakala alikuwa bado ndani. Moshi alimwona, akamwona mkewe, akaweka katoni chini pole pole. Wakala alisema atapita siku nyingine, na hakuna aliyemzuia.

"Mfano wangu uko wapi?" mke aliuliza.

"Ulilainika. Nilikuwa naushika kila mara, nawaonyesha. Mpaka meza ya mwisho ulikuwa umeanza kupoteza umbo, na njiani ukawa bonge tu."

"Ungerudi ukaniambia haikuwezekana."

"Nilikuja nikiwa nimejiandaa kukuambia. Njia nzima nilikuwa naipanga hiyo sentensi. Nikakukuta dirishani umechana nywele." Alikaa juu ya katoni. "Sikuweza. Nilijiambia nitakuambia ukishapata nguvu. Kisha ukawa na nguvu, nikaona kilichokupa nguvu ndicho hicho hicho."

Mke alikuwa akimtazama usoni, akitafuta mahali pa kushika hasira, na hakupaona.

"Hilo ningelimeza," alisema. "Mtu anamdanganya mgonjwa ale, anakula. Nalielewa. Lakini nilipokupa lile jina, ungesema. Siku ile jikoni. Ungesema hili hapana, hili tulihifadhi."

"Ningesemaje hivyo bila kukuambia yote?"

Mke aligeukia rafu yenye maboksi meupe.

"Sasa liko kwenye mfuko wa kila mtu," mke alisema. "Na betri ikiisha wanalitupa."

Moshi aliinama, akaanza kulia. Mke hakumfuata pale alipokaa. Alipanda kwenye stuli, akayashusha yale maboksi meupe kutoka rafuni, akaanza kubandua lebo kwa kucha. Gundi ilikuwa ngumu. Jina lilikuwa linatoka vipande vipande. Baada ya muda Moshi alikuja upande wa pili wa kaunta, akachukua boksi, naye akaanza. Kazi ilikuwa ndefu. Msichana wa benki aliingia katikati, akaomba ile ya bluu, kwa jina.

"Zimekwisha," alisema Moshi.

"Zitakuja lini?"

Moshi alimtazama mkewe.

"Hazitakuja," mke alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na msichana akanunua kitu kingine akaondoka.

Hawakugombana, si siku ile wala baadaye. Labda wangegombana ingekuwa nafuu. Walikuwa wanasalimiana, wanauliziana chakula, wanapishana mlangoni kwa adabu kama wapangaji. Moshi aliyafuta maneno ya kwenye kioo. Lakini kila alipomwambia mkewe jambo, hata dogo, kwamba mvua inakuja au mama amepiga simu, mke alijikuta anamtazama machoni kupima kama ni kweli. Na Moshi alikuwa anaona anapimwa. Dada mkubwa wa mke, aliyeishi mji mwingine, aliposema kuna kliniki huko inatafuta fundi, mke alikubali kabla hajamaliza kusikiliza.

"Amekupiga?" dada yake aliuliza mke alipofika kwake na masanduku.

"Hajawahi hata kunifokea."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Sasa mdogo wangu, umemkimbia kwa lipi?"

"Dada, ningekuwa na mtu wa kumchukia ningeshapona," alisema. "Alinipenda vibaya. Sijui mtu anafanya nini na hilo."

Dada yake, ambaye alikuwa na maneno ya kila jambo, alikwenda kumtandikia kitanda.

Moshi alikuja kumwona mvua zilipoanza. Hakupiga simu. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia mapajani, kati ya mzee aliyevimba shavu na mama aliyekuwa akisoma gazeti. Karani wa mapokezi alimwuliza kama ana miadi. Alisema hapana, anamsubiri mkewe, fundi.

Mke alitoka na aproni, mikono ina plasta mpaka kwenye viwiko. Akakaa pembeni yake. Moshi alikuwa amekonda. Alimweleza kwamba duka amemwachia mtu, kwamba sasa anatengeneza simu, kwamba paa la jikoni lilivuja na ameshaliziba. Mke alisikiliza yote. Akamwuliza kama anakula vizuri, Moshi akasema anakula, na mke akajikuta tena anamtazama machoni kupima, akaona Moshi naye ameliona hilo.

"Nirudi lini?" Moshi aliuliza. Hakuuliza utarudi lini.

"Sijui. Leo nenda nyumbani."

Moshi aliitikia kwa kichwa. Alivaa kofia, akampa mkono kama mgeni, na plasta ikabaki kwenye kiganja chake. Mke alibaki pale kwenye benchi akimtazama akivuka barabara kwenye manyunyu, mpaka karani alipomwita kwamba mama wa gazeti anahitaji kuchukuliwa kipimo cha meno. Akainuka, akaenda kunawa mikono.