Rangi Iliyokuwa Kabatini

Mkojo wa mama ulikuwa wa buluu. Ulishuka taratibu ndani ya mpira mwembamba hadi kwenye mfuko uliofungwa ubavuni mwa kitanda cha wodi, na baba akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Wamempa nini huyu?"

"Ni ile rangi, baba, inatoka na mkojo. Kumbe waliitumia." Nilicheka kwa furaha.

Wiki moja kabla ya hapo, daktari alimweleza baba, si mama, kwamba saratani ya mlango wa kizazi imewahiwa ingali changa. Angetoa kizazi pamoja na tezi zote za nyonga, ambako saratani hiyo husambaa kwanza. Baba aliitikia kila neno. Mama, fundi cherehani, aliketi katikati yao kama mkoba uliosahauliwa. Macho yangu yalikuwa kwa mama mkubwa, aliyesimama mlangoni. Alipougua saratani hiyohiyo, daktari huyohuyo alimtoa yeye tezi zote, na tangu hapo mguu wake mmoja ukajaa maji, mnene kama gogo, hauingii kiatu chochote. Alipolalamika, aliambiwa ashukuru yuko hai. Ashukuru! Neno hilo linanichemsha damu mpaka leo.

"Lazima zote?" nikauliza.

"Kuna rangi ya buluu," daktari akasema, akitazama saa yake. "Tunaidunga kwenye mlango wa kizazi, inakimbilia tezi ya kwanza kila upande. Hizo zikiwa safi, hazina saratani, nyingine tunaziacha."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza."

Mama akainua uso. "Basi tumeuliza. Mguu wa kukanyagia cherehani ni wangu, daktari. Nitilie hiyo rangi."

Sasa daktari aliingia wodini, akampita mama mkubwa, akamgeukia baba. "Mzee, mambo yame..."

"Mwambie mwenyewe," baba akamkatiza.

"Tezi za kwanza ni safi, mama. Nyingine sikuzigusa."

Mama hakushangilia. Alikunja miguu chini ya shuka, mmoja kisha wa pili, midomo bado mikavu kwa dawa ya usingizi.

"Na dada yangu? Wakati wake rangi ilikuwepo?"

Daktari aliutazama ule mfuko. "Ilikuwepo. Kabatini."

"Ila hakuuliza."

Daktari akageukia mlango. Mama mkubwa alivuta kiti, akapandisha gauni hadi gotini, akauweka ule mguu wake uliovimba juu ya kiti hicho, kati ya daktari na mlango.