Kopo Lililofunguliwa Asubuhi

Mzee Sefania alikuwa mteja wa kuchosha, na wenye maduka wote wa Lushoto mjini wangekuambia hivyo hivyo. Akija kununua msumari, ataukunja kwanza aone kama unakunjika. Akija kununua oili ya breki ya Land Rova yake, ile fupi ya zamani aliyoipata kwenye mnada alipostaafu kazi ya msitu kule Magamba, basi mwekee kiti kabisa. Atataka kopo jipya, hataki ya kupima. Atalitikisa karibu na sikio. Atasoma maandishi yote hadi anwani ya kiwanda, aipapase sili kwa ukucha, halafu aanze kukuuliza maswali ambayo majibu yake anayo.

Darweshi, mwenye duka la spea karibu na stendi, alikuja Lushoto kutoka Tanga na kila kitu chake isipokuwa subira. Si mtu mbaya. Anakopesha, anatania, akisikia msiba anafunga duka. Lakini ukimuuliza jambo moja mara mbili, utaona kope zinaanza kumcheza.

Siku ile ilikuwa ya soko. Vijana wa pikipiki walikuwa wamejazana kaunta, na dereva mmoja wa Lukozi alikuwa anapiga kelele akitaka feni belti kwa sababu kabichi zake zilikuwa juani. Katikati yao alisimama Mzee Sefania, kofia mkononi, anaeleza. Mjukuu wake Janeth anaolewa Jumamosi, Korogwe. Wamemtafutia gari la kukodi lenye maua, amelikataa. Anasema gari lililompeleka shule ndilo litakalompeleka kanisani, na babu yake ndiye atakayeendesha. Shangazi zake watakaa nyuma. Kwa hiyo yeye Sefania ameamua kuimwaga oili yote iliyomo, ingawa bado haijafika muda wake, aweke mpya, maana ule mteremko wa kushukia Mombo haufai kujaribiwa.

Darweshi alisikia nusu. Makopo mapya yalikuwa yamekwisha, na mzigo kutoka Tanga ungefika kesho yake. Angeweza kusema tu, njoo kesho, mzee. Lakini alimjua. Angeulizwa kesho ya saa ngapi, na nani anauleta, na kwa nini duka la spea linaishiwa oili ya breki, na dereva wa Lukozi alikuwa amekwishaanza kutukana.

Chini ya kaunta kulikuwa na kopo kubwa alilokuwa akiwapimia watu kidogo kidogo tangu kabla ya mvua za vuli. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea siku nyingi, likazibwa kwa gunzi la hindi, kama chupa ya asali. Darweshi aliinama, akachomoa gunzi, akajaza chupa mbili safi, akainuka nazo.

"Hii ni ya kupima," alisema, "lakini kopo nimelifungua leo asubuhi."

Neno lilimtoka hivyo hivyo, bila kulipanga.

Mzee Sefania aliinua chupa kwenye mwanga wa mlango. Hakuna alichokiona, kwa sababu hakuna cha kuonekana. Oili ya breki ina tabia ya kunywa maji. Ukiiacha wazi inavuta unyevu wa hewani, na huku kwetu unyevu hautafutwi. Ukungu wa asubuhi unaingia hadi ndani ya duka. Rangi haibadiliki sana, na kwenye barabara ya tambarare utaendesha hata mwaka. Ni kwenye mteremko, unapokanyaga breki kona hadi kona na magurudumu yanashika moto, ndipo yale maji yanapochemka yakawa mvuke. Hapo pedeli inazama hadi chini na gari halina habari na wewe. Mzee alilijua hilo. Darweshi pia alilijua, na ndiyo maana aliangalia pembeni.

"Kwa kuwa wewe ndiye unayesema," alisema mzee, akazifunga chupa kwenye shuka lake, akaenda zake. Hakuuliza swali hata moja.

Mzigo wa Tanga ulifika Ijumaa asubuhi. Darweshi alipanga makopo mapya kwenye rafu, sili zake zinang'aa, hadi akabaki na kopo la mwisho mkononi. Ile nusu ya maneno aliyokuwa hakuisikia jana ilimrudia yote, neno kwa neno: Janeth, shangazi zake, mteremko wa Mombo. Alijaribu kujipa moyo. Alijiambia labda mzee hajaiweka. Alijiambia wapo wanaoendesha na oili mbovu kuliko ile na wanazeeka. Alijiambia mengi, na kila alipomaliza alianza upya. Msikitini aliswali bila kujua imamu amesoma sura gani. Alipotoka alichukua kopo jipya, akalitia ndani ya koti, akapanda bodaboda kwenda Magamba.

Njiani alitunga maneno. Angesema kuna hitilafu imegundulika kwenye lile kopo, kwamba ameambiwa na waliomuuzia. Lilikuwa neno zuri, halimdhalilishi mtu, na kopo jipya angelitoa bure. Kufika kwenye kona ya msitu, baridi ikimpiga kifuani, alikuwa karibu analiamini mwenyewe.

Lakini Land Rova aliikuta imesimama uani na bampa limepinda, udongo mwekundu umejaa kwenye grili. Nyuma yake kulikuwa na magunia ya viazi.

Mama Esta, mke wa mzee, alimpokea mlangoni. Darweshi akampa shikamoo, akaitikiwa, akakaribishwa ndani kabla hajauliza neno. Hakuna aliyeumia, ndivyo alivyoambiwa kwanza, na aliposikia hivyo akakaa kwenye kiti cha karibu.

Habari yenyewe aliipata kutoka kwa Anord, mtoto mkubwa wa mzee na baba yake Janeth, mwalimu wa sekondari, mtu wa kueleza mambo kama yuko ubaoni. Asubuhi ile mzee alikuwa amepakia magunia ya viazi mahali pa shangazi, uzito kwa uzito, akashuka nayo kuelekea mjini kujaribu breki mpya. Kwenye kona za chini pedeli ikazama. Mzee akaukamata ukingo wa barabara kwa upande wa mlima, gari likajichimbia kwenye udongo, likasimama. Upande wa pili ni bonde. Anord alipofika na watu kulivuta, alikanyaga breki mwenyewe, akaikuta ngumu kama jiwe. Akaliendesha hadi nyumbani taratibu na halikuwa na kasoro yoyote.

"Sasa niambie, kaka Darweshi," alisema Anord. "Breki gani hiyo inayokufa na kufufuka?"

Darweshi alijua ni breki gani hiyo. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji, pedeli inarudi, na ushahidi wote unaondoka. Alifungua mdomo. Lakini kabla hajasema, mzee alizungumza kutoka kwenye kona yake, polepole, akichanganya Kishambaa na Kiswahili kama afanyavyo akichoka. Alisema yeye mwenyewe haelewi. Alidhani amekanyaga. Labda alikanyaga klachi. Labda hakukaza vizuri pale anapotolea upepo wa breki, ingawa anakumbuka alikaza. Mikono yake siku hizi haiamini sana.

"Oili je?" Anord aliuliza.

"Oili haina neno," mzee alisema. "Nilichukua kwa Darweshi. Kopo alilifungua asubuhi ile ile."

Chumba kizima kilimgeukia mgeni. Janeth alikuwa amesimama mlangoni na hina mikononi, macho yamevimba. Darweshi alilisikia kopo jipya ubavuni, limemwegemea kama mtoto aliyelala. Hii ndiyo nafasi yenyewe, alijiambia. Sema.

"Kweli ulilifungua asubuhi hiyo?" aliuliza Anord.

"Ndiyo," alisema Darweshi.

Mpaka leo hajui kwa nini. Ile hitilafu aliyoitunga njiani haikuja. Ukweli nao haukuja. Lilikuja neno lile lile la jana, kana kwamba lilikuwa limeshazoea njia.

Basi shauri likaisha. Anord alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba baba amefanya kazi yake, sasa apumzike. Gari la maua litapigiwa simu. Mzee hakubisha. Alitoa ufunguo mfukoni, ule wenye kamba ya ngozi, akauweka mezani mbele ya mwanawe, akaukalisha sawasawa kwa kidole, kisha akaangalia mikono yake. Janeth alitoka nje. Darweshi alimeza chai ya moto hadi ikamuunguza koo, na hata hilo aliliona dogo.

Alipoaga, mzee alisimama kumsindikiza. Darweshi alimsihi abaki, kuna baridi, lakini mzee alikwishabeba mfuko wa plamsi, matunda aliyomchumia, na mgeni wa Magamba haondoki mikono mitupu. Wakashuka kinjia cha kuelekea barabarani, mzee mbele, akimwonyesha penye utelezi.

Chini ya mivinje alisimama. Alimwomba Darweshi jambo moja. Kwa kuwa anajuana na watu wa Tanga, amtafutie mtu wa kununua lile gari, mtu atakayelijali, asiyeliwekea oili ovyo ovyo. Yeye hawezi tena kuliona pale uani.

"Mimi niliogopa jambo moja tu kwenye uzee," alisema. "Niliogopa kuua mtoto wa mtu kwa kutojua kwamba sijui tena. Mungu amenionyesha mapema. Namshukuru."

Akamkabidhi mfuko. Darweshi aliupokea kwa mikono miwili na machozi yakamshuka hapo hapo, bila mpango, mbele ya mtu mzima. Alisema yote. Alisema lile gunzi. Alisema vuli. Alisema kopo halikufunguliwa asubuhi wala jana wala juzi, kwamba mikono ya mzee ni mizima, kwamba breki ilikufa kwa sababu ya maji, na kwamba alijua tangu alipoona bampa, na bado akasema ndiyo. Alitoa kopo jipya kwenye koti akamnyooshea. Alitaka kupiga magoti, ila njia ilikuwa na tope na hakujua kama hilo nalo lingekuwa kujionyesha.

Mzee Sefania alilipokea kopo, akalitikisa karibu na sikio, akapapasa sili kwa ukucha. Darweshi alingoja tusi, hata kofi, na angelipokea kwa shukrani.

"Ile 'ndiyo' yako uliisemea wapi?" aliuliza mzee.

"Ndani, baba."

"Basi mimi hapa njiani unaniambia ya nini?"

Akageuka, akaanza kupanda. Darweshi alimfuata. Katika maisha yake amepanda milima mirefu kuliko ule, lakini hakuna uliomchosha vile.

Walikuwa bado wamekaa, chai bado mezani, na ufunguo bado pale pale mbele ya Anord. Darweshi hakukaa. Alisimama karibu na mlango, mfuko wa plamsi mkononi kwa sababu alikuwa hajui auweke wapi, akasema kwamba kopo halikufunguliwa asubuhi. Alieleza lilifunguliwa lini na kwa nini alisema uongo. Alipofika kwenye sababu, kwamba duka lilikuwa limejaa na mzee anauliza sana, alijisikia jinsi ilivyokuwa ndogo, hata akarudia sentensi akidhani ameruka kitu. Hakuwa ameruka kitu. Ilikuwa ndogo hivyo hivyo.

Mama Esta aliinuka, akachukua kikombe alichonywea Darweshi, akaenda nacho jikoni bila kumtazama. Anord alisimama nusu, akakaa tena. Kisha aliuchukua ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha baba yake, na akashindwa kuuachia mara moja, maana naye alikuwa na lake la kuona aibu. Hakuna aliyemwambia Darweshi yamekwisha.

"Giza linakuja," alisema mzee. "Tukatoe upepo."

Kazi hiyo ya kutoa hewa na oili ya zamani kwenye breki inataka watu wawili, mmoja juu kwenye pedeli, mmoja chini kwenye gurudumu na spana. Mzee alivunja sili mwenyewe. Darweshi alikaa kwenye kiti cha dereva, kiti chenye shimo la umbo la mwili wa mtu mwingine. Janeth alikuja kushika tochi. Sauti ya mzee ilitoka chini ya gari.

"Kanyaga. Shikilia. Achia."

Oili ya zamani ilitoka ikiwa na mapovu, kwanza mengi, halafu machache. Gurudumu kwa gurudumu, tochi ikamfuata mzee kuzunguka gari. Mwishowe alijitoa chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaegemea dirishani.

"Kesho utafunga duka," alisema. "Tunashuka wote. Utakaa hapa mbele, kati yangu na Janeth."

Darweshi aliuwazia ule mteremko, kona zake na bonde lake, na bibi harusi begani kwake. Akasema, "Nitakaa, baba."

"Haya. Ijaribu."

Akakanyaga, na pedeli ikasimama ngumu chini ya mguu wake. Akakanyaga tena. Mzee alimwambia inatosha, Janeth akazima tochi, na yeye bado alikuwa anakanyaga.